Waya Kutoka Nyumbani Mpaka Garaji

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu bwana yangu. Sioni sababu ya kuficha. Ni yeye aliyeleta mabati kwenye parseli yetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Ngezi hapa Bunia, na ni yeye ambaye angepata faida kama mabati yangepotea mikononi mwangu.

Nieleze kwanza habari ya mabati. Vita viliporudi Djugu, watu wa ukoo wa bwana yangu hawakukimbia mikono mitupu kama tulivyokimbia wote vita vya kwanza. Walikuwa wamejifunza. Mtu akisikia risasi kwenye kilima cha pili anapanda juu ya nyumba yake mwenyewe na nyundo, anang'oa mabati, anang'oa mlango na madirisha, anafunga kwenye baiskeli, ndipo anaita watoto. Kuta za udongo zinabaki. Nani ataiba ukuta? Lakini bati linabebwa kabla moshi haujaisha. Basi familia sita zilifika Bunia, nyumba zao zimefungwa kwa kamba, na hazikuwa na pahali pa kuziweka. Mimi nilikuwa na garaji.

Bwana yangu alilijenga nyuma kabisa ya parseli, mbali na nyumba kama hatua arobaini, maana hakupenda harufu ya mafuta ifike kitandani. Gari lenyewe lilichukuliwa vita vya kwanza. Aliyewaonyesha wapiganaji kwamba kuna gari nyuma ni muuza chumvi wa kona yetu, ambaye alikuwa akila kwangu kila Noeli. Bado yupo. Ananisalimu asubuhi, na mimi namwitikia. Bwana yangu alikuja kufa baadaye kwa ugonjwa, kitandani, watoto wamemzunguka, na kwa miaka ile watu waliniambia nimshukuru Mungu kwa kifo cha namna hiyo. Garaji likabaki la kuku.

Mabati yakapangwa mule, yamesimama yakiegemea ukuta unaotazama nyumba, kila familia na lundo lake, na milango imelazwa juu ya mihimili. Mtu anajua bati lake kwa matobo ya misumari. Fundi mmoja anapiga misumari karibu karibu, mwingine anaruka mawimbi matatu, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika jina. Siku ile shemeji alinipa kufuli mpya na ufunguo wake mbele ya watu wote.

"Mama ya watoto," akasema, "nyumba yote ya ukoo iko kwa mukono yako sasa."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Karatasi ya parseli iliandikwa jina la marehemu baba mkwe wangu, haikubadilishwa kamwe, na tangu mazishi ya bwana yangu shemeji alikuwa anatafuta namna ya kunitoa mule bila kuonekana mbaya. Mjane aliyekula mabati ya wakimbizi, huyo nani angemtetea? Hata kanisani wasingemtetea. Tena kufuli ya dukani inakuja na funguo tatu. Nilipewa mmoja. Sikuuliza mingine miwili iko wapi, na huo ndio ujinga wangu wa kwanza katika habari hii.

Haikupita miezi mitano nikaona lundo la binamu mmoja wa bwana yangu limepungua. Siku hiyo nilijiambia labda nimesahau. Juma la pili likapungua tena. Kufuli nzima, mlango mzima, hakuna alama. Nikafikiri kubadilisha kufuli, halafu nikaona hapana. Nikibadilisha, mwizi ataacha, na yale yaliyokwisha kwenda yatabaki juu ya kichwa changu. Nilitaka uso wake.

Wakati ule binamu mwenyewe alipata kipande cha kujenga pembeni ya mji. Akatuma neno kwamba baada ya Pasaka atakuja na ndugu zake wote kuchukua mabati yake. Hapo usingizi wangu uliisha.

Nilianza kwa jirani wetu, fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa. Anayatengeneza kwa mabati makuukuu, na mabati makuukuu hayatoki mbinguni. Nikaenda kwake kama mnunuzi. Nikainua mbabula moja, nikaigeuza, nikainua nyingine, nikaigeuza.

"Mama," akasema, hajaacha hata kupiga nyundo, "unanunua mbabula ao unatafuta matobo?"

"Natafuta yenye haivuji."

"Mbabula ya makaa inavuja nini? Moto?"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka. Nilinunua moja kwa aibu. Matobo yake hayakuwa ya binamu. Lakini sikumwondoa kwenye hesabu yangu. Vita vya kwanza huyo alikuwa na mabati ya kila nyumba ya avenyu yetu uani kwake, na alisema aliyaokota.

Ndipo mtu wa soko akanieleza juu ya kamera. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mtu wa makamo kama mimi, anakaa mtaa wa Lumumba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimtambua kabla hajashusha mfuko. Vita vya kwanza alikuwa na foni, ile redio kubwa ya kuita watu wa mbali. Tulikuwa tunapanga mstari mbele ya chumba chake ili kuuliza ndugu amefika Beni, ao Kampala, ao hakufika. Yeye anakaa ndani na kichwa chake kwenye vipaza, anasikia yote. Nani amekimbilia wapi, nani amebaki, nani amejificha kwa padri gani. Mambo hayo yalitoka mule chumbani yakafika kwa watu waliotuua. Sijui yalitokaje. Najua tu yalitoka.

Nikamwambia hivyo hivyo, amesimama mlangoni mwangu.

"Mama," akasema, "kwa foni kila mutu mwenye mashini alisikia, toka hapa mpaka Kisangani. Watu walisema siri yao kwa hewa halafu wanauliza nani aliisikia. Hii kamera inaonekana na mutu mumoja."

"Nani?"

"Weye."

"Na weye?"

"Miye nikimaliza kufunga, utaweka neno ya siri. Hautaniambia."

"Na wenye rezo, wale wa mutandao ya simu?"

Akavua miwani akaipangusa. "Kama unaogopa wenye rezo, picha isitoke kwa parseli. Kisanduku iko kwa nyumba, kamera iko kwa garaji, vinaongea vyenyewe tu. Lakini hautaona kama uko kwa soko. Lazima ukuwe ndani."

"Nitakuwa ndani," nikasema.

Akaweka kile kisanduku cha rezo chumbani kwangu, juu ya kabati, kikala umeme wa betri ya sola. Kikawaka taa tatu za kijani. Kamera akaifunga ndani ya mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa, akauweka juu ya ile milango iliyolazwa, kati ya mikebe mingine ya misumari. Nilifurahi. Halafu akarudi chumbani, akaangalia simu yangu, akakuna shingo. Hakuna picha. Akatoka na simu mkononi, anatembea uani polepole. Mlangoni rezo imejaa. Kwa choo imebaki nusu. Mbele ya garaji, kidogo sana. Akaingia ndani ya garaji: bure.

"Ni mabati," akasema. "Umeyasimamisha mbele ya ukuta wa huku. Bati inakula rezo. Hapa uko na mabati ya kijiji muzima, na mulango ya chuma, na sasa miye nimeongeza mukebe."

"Nani alikutuma kuongeza mukebe?"

"Ni weye ulisema isionekane."

Nilikuwa nafikiri labda picha imekwenda kwa simu yake, ndiyo maana haifiki kwa yangu. Nikamwomba simu yake. Alinipa, ya zamani, ya vibonyezo, kioo kimepasuka. Haikuweza kuona hata jua.

Akasema dawa ni waya. Waya itoke kwa kisanduku, ipite uani, iingie kwenye mkebe wenyewe, na hapo bati halitakuwa na kitu cha kula. Waya nzuri inalazwa chini ya udongo. Tukaanza kuchimba mfereji, yeye na jembe, mimi nikibeba udongo kwa beseni. Hatujafika hatua nne, kichwa kikatokea juu ya ukuta. Fundi wa mbabula.

"Mama, munazika ao munazikua?"

Sikujibu. Ilikuwa kosa kutojibu. Mahali pengine mtu akichimba uani kwake watu wanafikiri bomba la maji. Kwetu, vita vya kwanza, sisi wote tulizika kitu kabla ya kukimbia: sahani, cherehani, sufuria za harusi. Na wengine walizika vitu vingine. Wapiganaji walikuwa wanamwaga maji uani na kuangalia pahali yanapozama haraka, hapo wanachimba. Udongo mpya kwenye parseli ya mtu ni kama kidole kinachomwonyesha. Mate ya jirani hayajakauka mdomoni, shefu wa avenyu akaingia, na daftari kwapani.

"Nasikia hapa kunachimbwa."

"Ni waya, shefu. Ya taa ya garaji."

"Waya ya taa inapita chini siku gani? Taa iko juu, waya inapita juu. Ile ya kupita chini ni mambo mengine. Wanajeshi wakiuliza, nitasema nini?"

Akaingiza fimbo kwenye mfereji wetu, akaipima. Shimo la kiganja kimoja. Akatuambia tufukie mbele ya macho yake, na tukafukia.

Basi waya ikapita juu. Fundi aliilaza pamoja na kamba yangu ya kuanikia nguo, akaifunga kila hatua kwa uzi mweusi, na kwenye mlango wa garaji akaning'iniza taa ya kweli ili uongo wangu upate macho. Mama mkwe wangu ndiye aliyeshika ngazi. Alikuwa anakaa kwangu tangu alipokimbia na mabati yake, chumba cha watoto wa kike. Mzee, magoti mabaya, kitambaa cha bluu kichwani.

"Ni waya ya nini, mwali yangu?"

"Ya taa, mama."

"Vizuri. Wezi wanaogopaka mwangaza."

Nilimwonea huruma kwa maneno hayo. Nikaanika vikwembe vyangu juu ya waya, ikapotea kabisa. Neno la siri niliandika nikiwa nimefunga mlango, na fundi nilimwambia asubiri barabarani.

Siku tatu niliona kuku. Siku ya nne, Jumamosi, nilichukua kikapu changu kama kawaida, nikasema ninaenda soko, nikashuka mpaka kona, nikazunguka na kuingia kwa mlango wa mbele polepole, viatu mkononi. Nikaketi sakafuni chumbani kwangu, chini ya zile taa tatu za kijani, simu juu ya mapaja. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu shemeji. Nilikuwa hata nimepanga maneno ya kumwambia.

Mlango wa garaji ukafunguka. Kitambaa cha bluu.

Alifungua kwa ufunguo, hakuhangaika, kama mtu anayefungua kabati yake. Alipita lundo lake mwenyewe bila kuligusa. Akaenda kwa lundo la binamu, akavuta bati moja, akapumzika, akavuta la pili. Mwanamume niliyemfahamu, mtu wa kijiji chao, akaingia kwa mlango mdogo wa nyuma ya garaji, unaofungwa kwa ndani. Wakakunja mabati pamoja, wamekanyaga katikati, yeye na magoti yake. Wakayaviringisha kwa mkeka. Mwanamume akatoka kwenda kwa baiskeli yake. Mama mkwe akafunga, akajipangusa mikono, akarudi zake jikoni. Nikasikia anaimba wimbo wa kanisa.

Sikusema kitu mpaka Jumatatu. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Mama, mabati unapeleka wapi?"

"Mabati gani?"

Nikamwekea simu mbele ya macho. Aliangalia mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Huyu ni muzee," akasema. "Iko na kitambaa kama yangu."

"Ni weye, mama."

"Sawa, ni miye. Unataka nilie?" Akachukua muhogo mwingine. "Wale vijana ya pori wanajenga kambi yao. Wanataka bati. Ukipeleka bati, unavuna shamba yako unarudi. Usipopeleka, wanakukata kule kule."

"Si ni wao walichoma kwako?"

"Nani mwingine iko kule? Nikaombe ruhusa kwa askofu?"

"Na kwa nini ya binamu? Yako hata moja haijatoka."

"Yangu nitaezekea siku ya kurudia."

Nilimwuliza ufunguo aliutoa wapi. Akasema mtoto wake mkubwa, shemeji yangu, alimpa, na mtoto haulizi mama yake anafungua nini. Halafu akanyoosha kisu kwenye beseni.

"Hii mihogo munakulaka hapa kila siku, ulifikiri inaotaka kwa soko?"

Alikuwa ameniambia inatoka kwa rafiki wa kanisa. Sikuwahi kuuliza rafiki gani. Mimi ninayemshuku kila mtu, hata mtu wa foni, nilikula miezi ile yote na watoto wangu na sikuuliza.

Jumatatu baada ya Pasaka wakaja, watu kama kumi na mbili, wakakaa kwenye baraza yangu. Binamu akaingia garaji na ndugu zake, akatoka uso umebadilika. Nusu haipo. Shemeji hakungoja hata apumue.

"Siku ile niliweka ufunguo kwa mukono ya nani?" akauliza watu wote. "Nani alipokea?"

"Ni miye nilipokea," nikasema. "Na mwizi niko naye hapa." Nikatoa simu.

Ilipita mkono kwa mkono. Nilikuwa nimesimama, nikiangalia nyuso zao kama nilivyoangalia kuku. Kila mmoja aliona. Naapa kila mmoja aliona. Macho yanatoka kwa simu, yanakwenda kwa mama mkwe aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, yanarudi chini. Binamu alikaa nayo kuliko wote. Yale mabati yalikuwa nyumba yake, na yule mtu wa baiskeli wote walijua anabebea pori. Akamtazama mzee, akamtazama shemeji, akafikiria, nafikiri, wanajeshi wanawafanya nini watu wanaopelekea pori vitu. Akanirudishia simu.

"Picha iko na giza," akasema.

"Ni mwanamuke," mwingine akasema. "Wanawake ni wengi."

Nikampa mama mkwe mwenyewe. Aliisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Simujui," akasema. "Masikini, anatembea vibaya."

Shemeji akatangaza kwamba mwizi ni mtu wa nje, mwanamke asiyejulikana, na kwamba mimi sina kosa. Binamu akafunga mabati yaliyobaki. Baadaye nilisikia nyumba yake ina bati upande mmoja na turubai upande wa pili. Lundo la mama mkwe lilikuwa pale pale, lingetosha. Mtu mmoja tu angesema neno. Mimi nilikuwa na mdomo na sikusema, kwa sababu shemeji alikuwa amenivuta nyuma ya garaji.

"Ile kitu inaandika?"

"Inaandika."

"Kwa wapi?"

"Kwa kadi ndogo, ndani ya mukebe. Simu inaisoma pale tu."

"Nipatie."

"Nipatie karatasi ya parseli."

Alinitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Kisha akamtuma mtu kumwita shefu wa avenyu.

Basi mimi naandika, kwa kuwa siku ile hakuna aliyetaka kusema. Aliyepeleka mabati kwa wachoma nyumba ni mama mkwe wangu. Aliyempa ufunguo ni mtoto wake mkubwa. Waliomwona na kusema hawamjui ni ukoo mzima wa bwana yangu, na aliyeibiwa pia. Na aliyeuza picha ni mimi.

Shefu aliandika kwa mkono, kwenye ukurasa aliouchana daftarini, kwamba parseli na garaji ni vya mjane na watoto wake. Shemeji akatia sahihi, akachukua kadi, akaikata kwa koleo la fundi wa mbabula, aliyekuwa ameingia kuona kuna nini. Shefu akasema anahitaji shahidi mmoja mzee wa ukoo. Mama mkwe akainuka kwa taabu kutoka kwenye kiti, akachovya kidole gumba kwenye wino.

"Niweke wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha pahali.